Fuvu linapobonyea chini ya kifaa cha skani

Katika chumba cha skani, picha ya ubongo iliyo safi kupita kiasi humtia mpimaji wasiwasi. Kwa kawaida mfupa wa fuvu ulio karibu na kifaa hurudisha mawimbi ya sauti, hivyo upande huo wa ubongo hufunikwa na ukungu. Ukungu huo usipokuwepo, tena fuvu likabonyea kidogo ninapokandamiza tumbo la mama, ninajua kwamba madini ya mfupa ni haba, huenda kwa sababu ya osteogenesis imperfecta, ugonjwa wa mifupa inayovunjika kirahisi, na mara moja ninahamia kwenye mapaja na mbavu.

Ndivyo ilivyokuwa kwa mama mmoja aliyetufikia Kampala kutoka Arua, mimba yake ikiwa na wiki 20. Mfupa wa paja, ambao katika umri huo hukaribia milimita 33, ulikuwa milimita 17, umepinda, na mbavu zilikuwa na vinundu kama shanga pale zilipovunjika na kuunga tumboni. Mzingo wa tumbo la mtoto ulikuwa milimita 150. Urefu wa paja ukigawanywa kwa mzingo huo na jibu likashuka chini ya 0.16, tunahofia kwamba kifua ni chembamba mno na mapafu hayatatosha kumwezesha mtoto kupumua akizaliwa. Hapa jibu lilikuwa 0.11.

Mamamkwe wake aliniuliza, "Mwanangu daktari, si ile siku alipoanguka na gunia?" Nilimjibu kwamba hapana. Kolajeni, yaani nyuzi zinazoushika mfupa, hutengenezwa vibaya tangu mwanzo, mara nyingi kwa sababu ya badiliko jipya katika jeni ya COL1A1 au COL1A2 ambalo wazazi wenyewe hawana. (Swali hili huulizwa karibu kila mara, na mjamzito ndiye hulibeba kimoyomoyo.)

Skani peke yake haitoshi kuutaja ugonjwa kwa uhakika, kwa kuwa yapo maradhi mengine yanayofupisha mifupa. Maji ya uzazi yakichukuliwa kwa sindano, maabara ya vinasaba huweza kuutambua. Kujifungua kwa upasuaji hakuzuii mivunjiko, kwa hiyo sikupendekezi kwa sababu hiyo pekee.

Hatari ya kurudia ni asilimia chache tu, ila hufika 25 wazazi wote wawili wanapobeba jeni yenye kasoro. Kwenye kadi yake ya kliniki niliandika: mimba ijayo, skani kuanzia wiki ya 14.