Perfekti gemu ni nini, na kwa nini ile ya Harvey Haddix haihesabiwi

Kwenye besiboli, perfekti gemu ni pale pitcha, yule anayerusha mpira, anapomaliza mechi nzima bila mpinzani hata mmoja kufika besi ya kwanza, yaani kituo cha kwanza kati ya vinne vya kuzunguka. Iwe kwa kugonga, iwe kwa kupewa besi ya bure baada ya mipira minne mibovu, iwe kwa kugongwa na mpira mwilini, au hata mwenzako tu kadaka akarusha vibaya, akishafika mmoja basi imeharibika. Iningi, yaani zamu za kila timu kugonga, ni 9, kila iningi unatoa wagongaji 3, kwa hiyo wanakuja 27 na wote 27 wanarudi kukaa. Ni adimu balaa, baada ya ile ya 1922 ligi kuu ya Marekani haikupata nyingine mpaka 1956.

Sasa kuna sharti watu wanalisahau: timu yako nayo lazima ipate bao (rani, yaani mkimbiaji azunguke besi zote arudi nyumbani, pale wanapogongea), la sivyo mechi haiishi na wewe unaendelea kurusha. Hapo ndipo anapoingia Haddix wa Pittsburgh Pirates, usiku wa 26 Mei 1959, ugenini kwa Milwaukee Braves ambao walikuwa wametoka kuchukua ubingwa wa National League, moja ya ligi mbili za ligi kuu, miaka miwili mfululizo, na jamaa mwenyewe ana mafua siku hiyo. Akatoa 27 kwa 27, ila ubao unasoma 0-0! Wenzake walikuwa wanagonga kweli, kwenye iningi ya 3 peke yake walipata hit tatu (mipira ya kugonga iliyowafikisha besi) na bado hola, maana mkimbiaji mmoja alitolewa akilazimisha besi ya tatu. Ikabidi aendelee, ya 10, ya 11, ya 12, watu 36 mfululizo wametolewa, hakuna aliyewahi kufanya hivyo kwenye mechi moja.

Iningi ya 13 ndiyo ikamwaga mboga. Felix Mantilla wa Braves kagonga mpira wa chini, Don Hoak, mwenzake Haddix, kaudaka vizuri tu halafu karusha vibaya kwenda besi ya kwanza, perfekti imekufa hapo hapo na bila kosa la Haddix. Eddie Mathews akajitoa kwa banti, yaani kuugusa mpira taratibu, ili Mantilla asogee besi ya pili, Hank Aaron akapewa besi ya bure kwa makusudi maana nani anataka kumrushia Aaron muda huo, kisha Joe Adcock akautoa mpira nje ya uzio. Homurani, yaani ilitakiwa iwe 3-0, lakini Aaron alidhani mechi imeisha Mantilla alipofika nyumbani, akakatisha njia, Adcock akampita kwenye mzunguko, na kumpita mwenzako hairuhusiwi. Ligi ikaja kuiandika dabo, yaani hit ya besi mbili, ikahesabiwa rani ya Mantilla tu, matokeo 1-0.

Angalia takwimu sasa. Haddix: iningi 12 na theluthi mbili, hit 1, straikauti (wagongaji aliowatoa kwa straiki tatu) 8, besi ya bure 1, rani 1, ila rani anayobebeshwa yeye ni 0, kwa sababu Mantilla alifika besi kwa kosa la beki na rani ya namna hiyo haiingii kwenye wastani wa pitcha. Lew Burdette wa Braves: iningi 13, hit 12, rani 0. Ushindi kapewa Burdette na kipigo kaandikiwa Haddix.

Miaka mingi watu waliitaja tu kama perfekti ya iningi 12, mpaka 1991 kamati ya ligi ilipobana kanuni: lazima mechi iishe kabisa bila hit. Akafutwa. Kwa kanuni sawa, hit ya Adcock ipo na huwezi kuificha, lakini mimi nikiambiwa nichague kati ya aliyetoa 27 akaenda kuoga na huyu aliyetoa 36 akapoteza, nabaki na Haddix bila kufikiria mara mbili.