Umenunua pamu isiyo na jina? Itazame kuti kwanza

Masika yakikaribia, maswali tunayopokea wakaguzi wa afya ya mimea Tanzania Bara huwa yale yale. Mtu amenunua mche kwenye kitalu cha kando ya barabara, ameambiwa ni "pamu", basi. Kiriba, yaani mfuko wa mche, hakina kibao, na muuzaji naye hajui mche ulikotoka. Kisha inatumwa picha moja, imepigwa jioni kwa mbali, ukuta mwingi kuliko mmea, na jibu linatakiwa hapo hapo.

Kwa picha hiyo hatuwezi kukutajia jina, na programu za simu hukisia tu. Mimea ya jamii hii ya minazi na mitende ikiwa michanga hufanana mno. Hata mnazi huanza na majani mazima yasiyochanika. Tupigie picha za karibu: kuti zima, upongoo (uti wa katikati ya kuti) pale unaposhikana na shina, na shina lenyewe linapoingia kwenye udongo.

Wewe mwenyewe unaweza kuanza kazi. Shika jani dogo moja pale linapoungana na upongoo. Likiwa limekunjwa kwa umbo la herufi V, na yale ya chini kabisa yamegeuka miiba mirefu, hapo ni ukoo wa mtende na mkindu. V ikiwa imepinduliwa, fikiria mnazi, mchikichi na jamaa zao wengi wa bustanini. Kikonyo cha mchikichi kina meno, cha mnazi hakina. Ukiona vishina vingi vimeota pamoja, vikonyo vya rangi ya njano vyenye vidoadoa vyeusi, huenda ni areka, ambayo asili yake ni Madagaska. Majani madogo yenye umbo la mkia wa samaki ni ya kariota, na matunda yake yanawasha, watoto wasiyachezee.

Jina lina kazi. Ile inayoitwa roiyo pamu, iliyojaa Kuba, huvuka mita 20. Watu huipanda chini ya nyaya za umeme ingali ya kimo cha magoti, kisha hulalamika ikikatwa.

Kuna na ile "sago", ambayo si pamu kabisa. Majani yake ni magumu, na machanga hutoka yakiwa yamejiviringa nchani. Mmea wote una sumu, hasa mbegu, na huharibu ini la mbwa anayetafuna. Tukisema hivi tunaambiwa tunatisha watu. Hatutishi. Jamaa yake wa pwani yetu, mtapo wa jenasi ya Encephalartos, yumo katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini kutoweka. Ukiuziwa wenye shina nene lenye makovu, uliza umechimbwa wapi, na usipopata jibu, usinunue.

Kabla ya kupanda, mwaga udongo wa kiriba juu ya gunia. Funza mkubwa mweupe aliyejikunja kwenye samadi anaweza kuwa mtoto wa chonga, mbawakavu anayeshambulia minazi. Chonga mzima hutoboa moyo wa mnazi, na makuti mapya hufunguka yakiwa yamekatwa pembe kama kwa mkasi.

Sasa utaratibu, kwa sababu hapa ndipo wengi hukosea. Mche, chipukizi au mbegu kutoka nje ya nchi huhitaji kibali cha kuingiza, nacho kinaombwa kabla mzigo haujaondoka huko, si ukiwa umeshafika bandarini. Mzigo uambatane na cheti cha afya ya mimea cha nchi unakotoka, kisha ukaguliwe mpakani, bandarini au uwanja wa ndege. Mkaguzi anaweza kuuachia, kuuzuia karantini, kuurudisha au kuuteketeza, na gharama ni za mwenye mzigo. Kukwepa ukaguzi ni kosa chini ya Sheria ya Afya ya Mimea Na. 4 ya 2020, lenye adhabu ya faini au kifungo. Zanzibar ina sheria na wakaguzi wake.

"Ni chipukizi moja tu la mtende, zawadi kutoka Oman." Tunaisikia sana. Fukusi mwekundu wa mitende, mdudu mharibifu, yuko nchi za Ghuba tangu miaka ya 1980, na husafiri ndani ya chipukizi hilo hilo moja, asionekane kwa nje.

Aliyenunua hapa nchini kwa nia njema hana sababu ya kuogopa kutuuliza, wala kung'oa mche usiku na kuutupa mtaroni, jambo linalotuzidishia kazi.

Picha zikishindwa, leta sampuli. Kata kipande cha kuti chenye upongoo, ua au tunda kama lipo, ulaze kati ya kurasa za gazeti, uandike mahali na tarehe ya kununua. Sampuli ngumu kutambua hulinganishwa na zile za Hebaria ya Taifa, hifadhi ya mimea iliyokaushwa, Arusha. Usifunge kwenye mfuko wa plastiki (tukumbushane, mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku tangu 2019). Sampuli hufika imeoza, nasi tutakuomba ulete nyingine.