Msanii wa msafara: maana yake na kazi yake

Msanii wa msafara ni mchoraji anayeajiriwa kufuatana na msafiri ili achore anachokiona njiani: watu, mavazi, wanyama, milima. Kabla ya kamera, yeye ndiye aliyekuwa shahidi. Sura nzuri haikutosha. Mwenye safari alitaka idadi ya manyoya kichwani iwe sahihi.

Mfano ninaouthamini kuliko yote ni wa Maximilian wa Wied-Neuwied, mwanamfalme wa Kijerumani aliyekuwa pia mtaalamu wa viumbe. Safari yake ya Brazil, 1815 hadi 1817, aliichora mwenyewe, na mkono wake haukuwa hodari. Kwa hiyo alipokwenda Amerika Kaskazini mwaka 1832 alimchukua Karl Bodmer, kijana wa Uswisi mwenye miaka 23. Walipanda Mto Missouri kwa meli za mvuke na mashua, kisha majira ya baridi ya 1833–34 wakayapitisha Fort Clark, kituo cha biashara jirani na vijiji vya Wamandan, kabila la wenyeji wa Amerika. Baridi iligandisha hata rangi za Bodmer.

Hapo ndipo alipomchora Mató-Tópe, chifu wa Wamandan. Kwenye nywele zake amechomeka kisu cha mbao na vijiti vya rangi. Ukiitazama picha peke yake utadhani ni mapambo tu. Maandishi ya Maximilian ndiyo yanayofichua siri: kisu ni kumbukumbu ya chifu wa Wacheyenne, kabila jingine la wenyeji, ambaye Mató-Tópe alimuua kwa kisu, na vijiti ni majeraha ya risasi aliyoyapata yeye mwenyewe. Ndiyo maana kazi ya msanii wa msafara husomwa bega kwa bega na shajara.

Tena, tofautisha picha ya rangi za maji iliyochorwa papo hapo na ile iliyochapwa kitabuni. Kitabu cha Maximilian, kilichoanza kutoka 1839, kina picha 81 zilizochapwa kwa mabamba ya shaba na chuma yaliyochorwa kwa tindikali. Baadhi ya zile zenye umati, kama ya vita vya Fort McKenzie, kituo kingine cha biashara kando ya Missouri, zilitungwa baadaye huko Ulaya kutokana na michoro ya safarini. Mimi huziamini zaidi zile za rangi za maji. Nyingi ziko Jumba la Sanaa la Joslyn, Omaha, Marekani.

Mwaka 1837 ndui iliingia vijiji vya Wamandan, ikaua karibu kabila zima, Mató-Tópe akiwamo. Kitabu kilikuwa bado hakijatoka.