Kidonge chenye gamba: kwa nini tunakataza kukisaga

Mama yangu, hapa Ujiji, ana vidonda vya tumbo na kumeza kunamtaabisha. Naweza kufungua kapsuli ya omeprazoli nikasaga punje zake?

Kufungua kapsuli nyingi kunawezekana, ila muulize kwanza mfamasia kuhusu hiyo uliyopewa. Kusaga, hapana. Omeprazoli huharibiwa na asidi ya tumbo, asidi ileile inayotakiwa kuipunguza! Ndiyo maana kila punje imevikwa gamba, yaani utando usioyeyuka kwenye ukali wa asidi. Tumbo tupu huwa na pH (kipimo cha ukali wa asidi; namba ikiwa ndogo, ukali ni mkubwa) kati ya 1 na 3, na hapo utando unastahimili. Punje zikifika utumbo mwembamba, pH ikapanda kupita 5.5 hivi, utando unayeyuka. Dawa huingia kwenye damu, na damu ndiyo inayoirudisha hadi kwenye ukuta wa tumbo kuzima kiwanda cha asidi. Ukisaga, sehemu kubwa inaharibika kabla ya safari kuanza.

Mwaga punje kwenye maji kidogo au juisi ya nanasi, koroga, mama anywe ndani ya nusu saa bila kutafuna. Suuza bilauri, anywe na masalia. Afanye hivyo nusu saa hivi kabla ya kula.

Na maziwa?

Usitumie. Maziwa hayana ukali wa kutosha, utando utaanza kuyeyuka mapema. Hata bisakodili, ile ya kulainisha choo, ambayo nayo ina gamba, ukiimeza na maziwa au na dawa ya kiungulia, inaweza kufumukia tumboni na kukusokota.

Diklofenaki yangu, dawa ya maumivu, ina gamba. Basi haiwezi kuniletea vidonda?

Inaweza, na hapa ndipo wengi wanapodanganyika. Gamba linazuia kidonge kisichome tumbo moja kwa moja, basi. Diklofenaki ikishaingia kwenye damu hupunguza kemikali za mwili zinazolinda ukuta wa tumbo, iwe umemeza au umechomwa sindano. Mwenye historia ya vidonda asiinunue dukani kwa mazoea kila mgongo unapouma. Choo kikiwa cheusi kama lami, au ukitapika damu, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Nitakitambuaje kidonge cha namna hii?

Kung'aa si dalili, maana vingine vimepakwa sukari tu kuficha uchungu. Tafuta kwenye boksi herufi EC, kifupi cha Kiingereza cha gamba hili. Ukiuziwa vidonge vya kuhesabiwa kwenye bahasha, muombe muuzaji akuonyeshe boksi lenyewe.