Cheti Peke Yake Hakikupi Kazi ya Klaudi

Msimu wa korosho ukianza huku Mtwara, malipo ya minada yakaanza kuingia benki, swali ni lile lile: "Dada, nilipie mtihani wa cheti kipi nipate kazi ya klaudi?" Nimeulizwa Shangani, nimeulizwa Mikindani, nimeulizwa na wazazi waliotoka Newala na Tandahimba, pesa ya ada wakiwa nayo tayari. Klaudi ni seva, yaani kompyuta za kuendeshea tovuti na mifumo, unazozikodi kupitia intaneti. Kazi yangu ni kutunza seva, na mara nyingi huwa nakaa kwenye meza ya usaili wa wahandisi wa klaudi na devopsi, yaani wanaoweka programu kwenye seva na kuhakikisha haziyumbi. Naandika kwa sababu pesa za watu zinapotea.

Dhana: Ukishapata cheti, kazi unayo.

Huna. Mtihani wa ngazi ya kwanza wa AWS, huduma ya klaudi ya Amazon, unaoitwa Cloud Practitioner, una maswali 65 ya kuchagua jibu, unafanywa kwa dakika 90 kwa ada ya dola 100, na cheti chenyewe kinaisha muda baada ya miaka 3. Hakuna swali hata moja linalokutaka uguse seva. Anayekariri anaupita. Na hao wanaouza majibu ya mitihani kwenye magrupu ya WhatsApp msiwape hata shilingi, maana ikigundulika cheti kinafutwa.

Kwenye usaili napenda kumpa msailiwa seva yenye tatizo, inayotumia Linux, mfumo endeshi wa seva nyingi. Hifadhidata imegoma kuandika, amri ya df, ya kupima nafasi ya diski, inaonyesha imejaa asilimia 100. Anatafuta mafaili makubwa kwa du, amri ya kupima ukubwa wa mafaili, jumla inakuja nusu tu ya diski. Nusu nyingine iko wapi? Aliyekariri husema tununue diski kubwa zaidi. Anayeijua Linux anakumbuka kwamba faili likifutwa huku programu bado imelifungua, nafasi yake hairudi mpaka programu ilifunge. Anaendesha lsof, amri ya kuorodhesha mafaili yaliyofunguliwa, anaona faili la logi (kumbukumbu za matukio ya programu) lililofutwa jana bado limeshikiliwa, anaiwasha upya programu ile, nafasi inarudi. Yule ninayemtaka hasa haishii hapo. Anauliza kwa nini logi zilikua kiasi hicho, logrotate, programu ya kupunguza logi za zamani, imepangwaje, na nani apate taarifa diski ikifika asilimia 80, kabla wateja hawajaanza kupiga simu.

Hata asiyelijua jibu anaweza kunishawishi, kama anajaribu kitu kimoja kwa wakati, anasema anachofikiri, na hafuti chochote kabla ya kuuliza kama kuna nakala rudufu. Mfumo ukilala saa nane usiku, mwajiri anamhitaji mtu wa namna hiyo.

Sisemi cheti hakina kazi. Kampuni ambazo ni washirika wa AWS zinatakiwa kuwa na idadi fulani ya wafanyakazi wenye vyeti, kwa hiyo zinaviangalia. Mtihani wa CKA wa Kubernetes, mfumo wa kuendesha programu kwenye seva nyingi kwa pamoja, nauheshimu, kwa sababu ni saa 2 za kurekebisha mambo kwa mikono. Ajira za serikali nazo zina utaratibu wake, na huko vyeti vya shule na chuo havikwepeki. Lakini ukianza na cheti ukaacha seva, usaili utakuumbua.

Ushauri wangu, na nitaurudia mpaka mnichoke: tafuta laptopu ya zamani, weka Debian, aina mojawapo ya Linux, isiyo na madirisha, yaani ya kuandika amri tu, RAM ya GB 1 inatosha. Jenga juu yake kitu kidogo cha kweli, labda tovuti ya kikundi cha akina mama wanaobangua korosho, au rejesta ya mahudhurio ya madrasa. Kisha ivunje makusudi. Jaza diski. Funga poti 443, mlango wa tovuti salama. Haribu mpangilio wa DNS, inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya seva. Kila unapoirekebisha andika ulichokiona, ulichodhani, na kilichokuwa tatizo kweli, uhifadhi kwenye Git, programu ya kutunza historia ya mafaili. Kurasa kama hizo nikitumiwa nazisoma zote. Ndani yake naona pia kama unaweza kumweleza mwenzako jambo kwa maandishi, na wengi wanakosa kazi kwa kushindwa hilo.

Dhana: Lazima ujue Kubernetes kwanza. Kubernetes imekuja 2014, na chini yake ni Linux na mtandao. Kijana asiyeweza kueleza DNS inafanyaje kazi akiniletea Kubernetes namrudisha nyuma.

Dhana: Mtu wa devopsi haandiki programu. Anaandika kila siku: Bash na Python za kuandikia skripti, na Terraform ya kuunda seva za klaudi kwa maandishi. Si lazima uwe bingwa, ila skripti ya mistari hamsini isikutishe.

Dhana: Kazi hizi ni za Dar es Salaam. Kituo kikuu cha seva za AWS kilicho karibu nasi kiko Cape Town, tangu 2020, kwa hiyo wa Masaki na wa Lindi wote wanazifikia kwa mbali. Swali la haki ni la umeme na intaneti. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, nchi nzima iliyumba, Dar ikiwamo. Anayeomba kazi ya kufanyia nyumbani aje na jibu: betri ya akiba, laini za kampuni mbili tofauti, na nani anashika zamu yake akipotea hewani.

Dhana: Kujifunzia kwenye klaudi ni bure. Ni bure ndani ya mipaka, na mipaka inavukwa ukiwa umelala. NAT Gateway ya AWS, njia ya seva za ndani kutokea intaneti, inatozwa kwa saa hata kama hakuna data inayopita. Kabla hujawasha mashine ya kwanza weka tahadhari ya bajeti, na ujue kwamba kwa kawaida inakutumia barua pepe tu, haizimi kitu. Waajiri wanaulizia gharama kuliko vijana wanavyodhani, kwa hiyo uje ukijua mfumo uliojenga unakula dola ngapi kwa mwezi na ungepunguza wapi.