Rekodi ya machapisho ya mtafiti wa magonjwa ya kifua: ni nini na unaisomaje

Hapa Moshi mtu akisikia daktari fulani ana machapisho 80 ya magonjwa ya kifua anaona basi huyo ndo bingwa, na mimi naona tunapotea hapo, maana idadi peke yake haikwambii kitu. Rekodi ya machapisho ni orodha ya kazi za kisayansi ambazo mtafiti kaandika, wataalamu wenzake wakazipitia, alafu zikatoka kwenye jarida, na kila kazi inaonyesha mwaka, jarida, mada na alioandika nao. Mahojiano ya redio na mada za semina hazimo hata kama ni nzuri.

Ukiipata orodha ya mtu wa pumu au TB na matumizi ya dawa, angalia kwanza swali analolifuata miaka yote. Kuna anayetafiti kama dawa inafanya kazi na kuna anayetafiti kama wagonjwa wanaitumia, hivi ni vitu viwili tofauti kabisa. Chukua pumu: inhela ya kuzuia, yenye steroidi, kwa wengi inatakiwa ivutwe kila siku hata ukijisikia mzima, lakini watu wakipata nafuu wanaiacha wanabaki na ile ya kufungua kifua tu ambayo inakupa pumzi kwa muda lakini haitibu uvimbe wa njia za hewa, ndo maana tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, unasema watu wazima na vijana wasitibiwe kwa hiyo peke yake. Na sio tatizo la maskini tu, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilisema 2003 kwamba hata nchi zilizoendelea wanaofuata dawa za magonjwa ya kudumu ni wastani wa nusu. Kwahiyo mtafiti aliyekaa miaka anauliza kwa nini mama wa Pasua au Majengo hapa Moshi ameacha inhela yake, mimi namheshimu sana, hata kama orodha yake ni fupi.

Alafu angalia jina lake limekaa wapi. Kwenye utafiti wa afya jina la kwanza kawaida ni la aliyefanya kazi kubwa na kuandika, la mwisho ni la kiongozi wa timu, na katikati ndo wanajaa wengine wote. Inaniuma kuona utafiti wa wagonjwa wetu wenyewe, makohozi yetu, mafaili yetu, na Watanzania wote wako katikati.

Kuna pia kipimo kinaitwa h, alikipendekeza mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005. Ukiwa na kazi 12 ambazo kila moja imenukuliwa na wengine walau mara 12, basi h yako ni 12. Ni rahisi ila kinawapendelea waliokaa muda mrefu, na kunukuliwa sio lazima uwe umesema kweli. Mei 2020 jarida la Lancet lilitoa utafiti wa haidroksiklorokwini kwa wagonjwa wa korona, unaodai una wagonjwa kama 96,000, WHO ikasimamisha kwa muda majaribio yake ya hiyo dawa, na kabla hata wiki mbili hazijaisha utafiti ukaondolewa kwa sababu takwimu hazikuweza kuthibitishwa. Bado watu waliendelea kuunukuu.

Mimi napima kwa kuangalia kama matibabu yalibadilika. Daktari wa TB Karel Styblo alifanya kazi na programu ya taifa ya TB ya Tanzania iliyoanza 1977, mgonjwa anameza dawa mhudumu akiona na kila anayeanza anafuatiliwa mpaka ijulikane kapona au la, na hayo ndo yalikuja kuwa msingi wa DOTS, mkakati wa kutibu TB ambao WHO iliusambaza dunia nzima miaka ya 1990.

Jambo dogo ila linasumbua sana huku kwetu, majina. Akina Mushi, Massawe, Kimaro na Swai ni wengi, na orodha nyingi zinaandika herufi moja tu ya jina la kwanza, kwahiyo kazi za watu watatu zinaweza kuwekwa kwa mmoja. Tafuta namba yake ya utambulisho wa watafiti, inaitwa ORCID, ina tarakimu 16, kila mtafiti anajisajili yake.