Je, wajua kwa nini mpiga dramu wa Queen, ile bendi ya roki ya Uingereza, alianzisha bendi yake halafu humo ndani hapigi dramu?

Ukitaja Queen watu wanamkumbuka Freddie Mercury, mtoto wa Unguja, Farrokh Bulsara, wa 1946. Sawa kabisa. Ila nyuma yake, amefichwa na matoazi, kulikuwa na jamaa anaitwa Roger Taylor, na huyu hakuwa mtu wa kugonga dramu tu akaenda kulala. Ile sauti nyembamba kuliko zote kwenye wimbo wao Bohemian Rhapsody, pale wanapoita "Galileo" mpaka unahisi glasi itapasuka, ndo yeye. Wimbo wa Radio Ga Ga kaandika yeye, A Kind of Magic pia yeye.

Na hela alikuwa nazo. Enzi za santuri, singo, yaani santuri ndogo, ilikuwa na pande mbili, na mirabaha ya mauzo, yaani malipo ya watunzi, ilihesabika sawasawa kwa kila upande, sasa Bohemian Rhapsody ilipotoka 1975 upande wa pili kulikuwa na wimbo wa Taylor kuhusu mapenzi ya gari, yaani kila aliyenunua kwa ajili ya Freddie alikuwa anamlipa na Taylor humo humo, hahaha.

Kwa hiyo shida haikuwa hela, shida ilikuwa kiti. Mpiga dramu anakaa, tena nyuma, na mashabiki wanamwangalia aliyesimama mbele. Agosti 1986 Queen walimaliza ziara yao pale Knebworth, Uingereza, wakapumzika, Freddie akaenda kufanya kazi na mwimbaji wa opera Montserrat Caballé, na Taylor akabaki na nyimbo mkononi bila steji. Albamu za peke yake alishatoa mbili, 1981 na 1984, lakini albamu ya mtu mmoja utaizungusha na nani? Ndo 1987 akatangaza gazetini kwamba anatafuta wanamuziki, watu wakaja kufanyiwa usaili, akawaunganisha na Spike Edney ambaye tayari alikuwa anawapigia Queen kinanda kwenye ziara, bendi ikaitwa The Cross. Yeye akasimama mbele na gitaa, akaimba, na kwenye dramu akamweka kijana anaitwa Josh Macrae. Ningekuwa mimi ndo Josh nisingelala, mwenye bendi ni Roger Taylor na anasikia kila pigo unalokosea!

Albamu zikatoka tatu, 1988, 1990 na 1991. Ya kwanza karibu yote alitengeneza mwenyewe na Edney, kuanzia ya pili wenzake nao wakaanza kuandika ikawa bendi kweli, na kwangu mimi hapo ndo walianza kunoga, ila sokoni hawakutoboa, mpaka 1993 wakaachana.

Sasa kuna wimbo mmoja, Heaven for Everyone, kautunga Taylor. Kwenye albamu ya The Cross ya 1988 iliyouzwa Uingereza aliyeuimba ni Freddie kabisa, alikuja kumsaidia mwenzake, lakini ulipotolewa kama singo Taylor akaweka sauti yake mwenyewe, maana bendi ni yake na ndo sababu ya kuianzisha. Haukugusa hata hamsini bora kwenye chati ya Uingereza. Freddie akafariki Novemba 1991. Baadaye waliobaki wa Queen wakaichukua ile sauti aliyorekodi 1987, wakapiga vyombo upya chini yake, na Taylor safari hii akarudi kwenye dramu zake nyuma kule. 1995 ukatoka kwa jina la Queen. Najua msiba nao ulichangia, watu walikuwa wamemmisi Freddie, lakini ukashika namba 2 Uingereza, wimbo ule ule, mtunzi yule yule.